Binti Yangu Alipoiogopa Sukari

Asubuhi hiyo mvua ilikuwa inapiga madirisha ya jengo letu pale South Beach kutoka upande wa bahari, na nilikuwa nimeshachelewa kazini. Nikatumbukiza mguu kwenye buti la mvua ambalo sikuwa nimelivaa tangu mwezi wa tatu, vidole vikakuta kitu kinachokwaruza. Nikaligeuza buti na kulikung'uta. Zikamwagika karatasi za pipi, nyekundu, za kijani, za dhahabu, nyingine bado zikinata, na katikati yake sisimizi wakatawanyika sakafuni huku na huku. Buti la pili nalo lilikuwa limejaa.

Binti yangu alikuwa na miaka sita. Alisimama mlangoni na begi la shule mgongoni, ameinamisha kichwa.

"Nani anakupa hizi?" nilimuuliza.

"Watu."

"Watu gani?"

Akawataja kwa vidole. Mlinzi wa getini. Matantine, kina shangazi wa saluni. Mwalimu, ukijibu vizuri. Rafiki yake wa darasani. Baba. Halafu akanitazama. "Na wewe, mama. Siku ile nilidungwa sindano."

Mama mwingine angecheka, au angemchapa kidogo, kisha angefagia na siku ingeendelea. Mimi nilikaa kitandani na buti mkononi. Sikuwa naangalia karatasi. Nilikuwa naangalia sisimizi.

Inabidi nieleze. Kwetu ni Uvira, Kongo. Nilipokuwa na miaka kumi na moja mama yangu alikuwa na meza ya biashara mbele ya shule ya msingi. Aliuza karanga, sabuni za kukatwa vipande, na bonbon, ndivyo tunavyoita pipi kwetu. Mchana alikwenda kupika, akaniacha mimi kwenye meza. Mdogo wangu wa kike, wa miaka minane, alikuja kukaa nami. Kila siku kabla ya kufunga nilimpa bonbon moja, naye aliahidi kutosema. Aliiweka shavuni na kutembea nayo hadi nyumbani bila kuitafuna, shavu limevimba upande mmoja, na mimi nilijiona dada mkubwa kweli.

Halafu akaanza kukonda. Alikula kama kawaida, hata zaidi, lakini mifupa ya mabega ilizidi kutokeza. Alikunywa maji kwa kikombe cha bati, akamaliza, akachota tena. Akaanza kukojoa kitandani, msichana wa miaka minane, na mama akamgombeza mbele yetu. Nyuma ya nyumba, mahali alipokojoa, sisimizi walijikusanya. Sote tuliwaona, na hakuna aliyejua maana yake. Kwenye kituo cha afya walimpa dawa ya malaria. Siku chache baadaye alikuwa akipumua kama mtu aliyetoka kupanda mlima, pumzi yake ikinuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi, na asubuhi moja hakuamka.

Kwenye matanga, mwanamke mmoja aliyewahi kufanya usafi hospitalini aliwaambia wenzake, "Huyu mtoto ni sukari imemuua." Mimi nilikuwa napitisha chai. Nilisikia neno hilo moja, sukari, na nikajua ni nani aliyemlisha.

Sikumwambia mtu. Nilikuja huku Afrika Kusini, nikaolewa na mwanamume wa Bujumbura, nikazaa, na sikusema. Mume wangu alijua tu kwamba mimi si mtu wa vitu vitamu. Chai yangu nakunywa bila sukari na keki kwenye harusi nampa mtu mwingine. Alidhani ni tabia tu.

Utauliza basi kwa nini nilimwachia mtoto hadi buti zikajaa. Jibu lake linanitia aibu hadi leo. Nasuka nywele kwenye saluni karibu na Point. Gari la watoto wa shule lilimshusha pale kila mchana, akakaa kwenye kistuli chini ya kioo mpaka nimalize kazi. Wateja walifungua mikoba yao na kumpa pipi, na mtoto mwenye pipi mdomoni hasumbui mtu, haulizi tunaondoka lini. Mimi nilikuwa na kichwa cha mtu mikononi. Niligeuza uso nikajifanya sioni. Hesabu ya kila mtu ilikuwa ndogo, moja tu, moja tu. Zilikuja kukutana zote ndani ya buti langu.

Jioni ile, wakati namwogesha, nilimweleza habari za mdogo wangu. Nilimwambia yote isipokuwa kwamba ni mimi niliyempa. Nilimwambia jinsi alivyokonda, alivyokunywa maji, alivyopumua. Nilimwambia aliwekwa kwenye sanduku dogo. Alikuwa amekaa ndani ya beseni, ananitazama, povu la sabuni likimkauka mabegani.

"Pipi zilimuua?" aliuliza.

"Pipi zilimuua. Na wewe unataka ufe kama yeye?"

Mume wangu alikuwa jikoni. Anafanya kazi ya ulinzi bandarini na siku ile alikuwa mapumzikoni. Alikuja hadi mlango wa bafu, kijiko mkononi. "Usimtishe mtoto hivyo."

"Afadhali aogope akiwa hai," nilimjibu.

Akarudi kwenye sufuria yake. Mtoto hakulia. Aliomba tu nimtoe kwenye maji.

Kesho yake saluni nzima ilisikia amri yangu. Hakuna pipi, hakuna biskuti, hakuna soda. Mlinzi wa getini nilimwambia pia. Nikatupa juisi iliyokuwa kwenye friji. Na mtoto alitii. Alitii kwa namna ambayo mama mwenye akili iliyotulia angeishtukia. Tantine mmoja aliyesahau alimpa pipi ya maziwa, binti yangu akarudisha mikono nyuma ya mgongo na kusema, "Hapana, asante." Wateja wakapiga makofi. Nilijivuna, nikasema kwa sauti kwamba mtoto ukiongea naye kama mtu mzima anaelewa.

Wiki ya pili nilianza kuona habari ya maji.

Mara ya kwanza alikuwa kwenye sinki la saluni, amejaza kikombe cha plastiki. Alikunywa akamaliza, akajaza tena, akanywa. Nikajiambia ni joto. Nyumbani nikamkuta jikoni, amesimama juu ya kiti, anakunywa moja kwa moja kwenye bomba. Akaanza kwenda chooni kila mara. Kwenye saluni tunatumia choo cha pamoja mwisho wa korido, na mchana mmoja alinikatiza nikisuka mara tano. Mara ya tano nikamvuta mteja nywele hadi akapiga kelele.

Asubuhi iliyofuata nilikuta kitanda chake kimelowa.

Nilisimama nimeshika lile shuka. Nilinusa shuka. Nilimwita mtoto nikamnusa pumzi, nikamgeuza, nikampapasa mifupa ya mabega, naye akasimama kama mbuzi anayekaguliwa sokoni. Mabega yalikuwa yale yale, lakini mimi niliyaona yamechongoka. Nilichukua mkojo wake kwenye kopo, nikaliweka dirishani, nikasimama kulitazama kama sisimizi watakuja. Tunakaa ghorofa ya tisa. Mume wangu alinikuta hapo.

"Unafanya nini?"

Ndipo nilipomwambia, kwa mara ya kwanza, kuhusu bonbon za kwenye meza ya mama. Nilimwambia nikiwa nimegeukia dirisha. Yeye alikwenda mlangoni. Alivaa viatu. "Twende kliniki," alisema. "Sasa hivi."

Hapo kulikuwa na hofu nyingine. Siku zile kwenye mageti ya baadhi ya kliniki kulikuwa na watu wanaosimama na kuwauliza wanaoingia vitambulisho, na mgeni anarudishwa. Makaratasi yetu ya ukimbizi yapo na hayajaisha muda, lakini karatasi haizuii mtu kukusukuma mbele ya mtoto wako. Tulipokaribia mume wangu aliniambia nisiongee Kiswahili. Tulivuka kwenye robot, taa za barabarani, tukiwa kimya, binti yangu katikati yetu, na nilikuwa nahesabu watu waliosimama getini. Walikuwa watatu. Tulipofika tukaona ni wauza vitafunio. Mmoja wao alimwinulia mtoto pakiti ya chipsi, naye akajificha nyuma ya sketi yangu.

Ndani tulikaa kwenye benchi muda mrefu. Kila aliponiambia anataka maji, roho yangu ilishuka. Alipoitwa, sista aliyetupokea alikuwa mwanamke wa Kizulu wa makamo, miwani yake imeninginia kifuani kwa kamba. Nilimweleza kwa Kiingereza changu cha saluni: anakunywa maji mengi, anakojoa sana, amekojoa kitandani. Nikaona uso wake unabadilika kidogo, unakuwa wa kazi. Aliacha kuandika. Alimshika mtoto mkono, akamtoboa kidole, akagusisha tone la damu kwenye kile kidude kidogo cha kupimia.

Kile kidude huchukua sekunde chache tu. Mimi katika sekunde hizo niliona sanduku. Niliona vipimo vyake, niliona rangi ya kitambaa, niliona nikimpigia mama simu Uvira na kumwambia imetokea tena na ni mimi tena.

"Iko sawa," alisema sista. "Sukari yake iko sawa kabisa."

Nilimwomba apime tena. Hakukasirika. Alichukua mkojo, akachovya kijiti, akatuonyesha rangi zake. Kisha akavaa miwani na kumgeukia binti yangu, akamuuliza kwa Kizulu, lugha ambayo mwanangu anaizungumza vizuri kuliko mimi, kwa nini anakunywa maji mengi hivyo.

Binti yangu alinitazama kwanza. Halafu alijibu, na sista akavua miwani tena. Mimi nilielewa nusu. Nikamwambia mtoto arudie kwa Kiswahili.

"Naosha sukari," alisema. "Nilikula pipi nyingi, mama. Ziko ndani. Nazitoa ili nisife."

Mume wangu alitoka nje ya chumba. Mimi nilibaki nimekaa pale, na uso ukaniwaka.

Sista alimpa mtoto karatasi na kalamu akachore kwenye kona, kisha akaniuliza nani amekufa. Nilimweleza. Alisikiliza hadi mwisho ingawa nje foleni ilikuwa ndefu. Aliniuliza maswali mawili matatu, kuhusu kukonda, kuhusu ile pumzi.

"Sikumwona mdogo wako, kwa hiyo siwezi kuapa," alisema. "Lakini unavyoeleza, ni ile sukari ya watoto. Hiyo hailetwi na pipi, mama. Kongosho la mtoto linaacha kufanya kazi, basi. Hata kama asingeonja pipi maisha yake yote, ingempata. Alihitaji insulini na hakuna aliyejua."

Nilimuuliza kama anasema hivyo kunipoza.

"Hawu, mama. Mimi sina muda wa kupoza watu." Akamwita mtoto, akamwambia afungue mdomo, akamulika tochi. "Njoo uone. Pipi zimefanya kazi yake hapa." Nyuma kulikuwa na magego mawili yenye matundu meusi. "Meno yanaoza, tumbo linajaa, chakula hakiingii, na zikizidi miaka na miaka, mwili unazidi uzito na matatizo mengine yanakuja. Sababu za kuzipunguza ziko nyingi. Lakini mtoto wa miaka sita humfundishi kula kwa kumwonyesha kaburi."

Aliniandikia karatasi ya kwenda kwa daktari wa meno. Niliondoka pale nikifikiri yameisha.

Hayakuisha. Woga ambao ulinichukua jioni moja kumtia, haukuwa tayari kutoka kwa sababu kidude kimesema iko sawa. Nilimwambia: umesikia, huna ugonjwa. Akanijibu kwa upole, kama anayenielewesha mimi, "Sista hakumjua yule mtoto. Wewe ulimjua."

Akaacha ndizi, kwa sababu ni tamu. Akaacha embe, viazi vitamu, maziwa, mkate. Darasani mtu alimwambia karoti zina sukari, akaacha karoti. Akabaki na bugali, wali mweupe na mayai. Aliweka ulimi kwanza kwenye kila kitu, ncha tu, akisikia utamu anafuta ulimi kwa mkono. Sketi yake ya shule ikaanza kuzunguka kiunoni, nikaifunga kwa pini. Sasa alikuwa anakonda kweli, na safari hii sikuwa nabuni. Kila asubuhi nilipofunga ile pini niliona mabega ya mdogo wangu.

Nilibembeleza. Nilipiga kelele. Siku moja nilimshika taya nikataka kumtia kipande cha ndizi kwa nguvu, yeye yule niliyemkataza, na alinitazama kama mtu anayepewa sumu na mama yake. Nikakiacha kile kipande kikaanguka chini.

Kisha ikaja barua ya mwalimu ndani ya daftari. Kulikuwa na sherehe ya kuzaliwa ya mtoto mmoja darasani. Keki ilipokatwa, binti yangu alisimama na kuwaambia wenzake kwamba atakayekula atalala kwenye sanduku dogo. Mwenye sherehe alilia mpaka mama yake akaitwa. Mwalimu aliuliza kwa adabu kama kuna jambo nyumbani.

Nilisoma barua ile nikiwa kwenye ngazi, lifti imekufa kama kawaida. Nikakaa pale pale kwenye ngazi, nikampigia mama yangu Uvira. Mtandao ulikatika mara mbili. Alipopokea nilisema haraka kabla sijaogopa.

"Mama, nilikuwa nampa bonbon. Kila siku, pale mezani. Nilimpa mimi."

Nilidhani simu imekatika tena.

"Nilijua," mama alisema. "Si nilikuwa naona shavu lake? Mwanangu, kila asubuhi nilimpa chai ya vijiko vitatu, maana alikuwa wa mwisho. Baba yako alimletea muwa. Unasema umebeba hii tangu siku zile?"

"Uliwahi kufikiri ni wewe?"

"Niliwaza kule kumgombeza," alisema. "Kwa sababu ya kitanda. Hiyo ndiyo naiwaza."

Tulilia kila mmoja upande wake, halafu salio likaisha.

Nilirudi kwa sista yule yule, safari hii peke yangu. Aliniambia mambo ambayo nilipoyasikia niliyaona madogo mno kwa shida kubwa kama yangu. Nisibembeleze na nisilazimishe. Niweke chakula mezani, sote tule kitu kimoja, mtoto ajipakulie mwenyewe. Nisiseme tena hiki kizuri hiki kibaya. Pipi isiwe zawadi wala adhabu. Kisha akaniuliza mimi nakula nini.

"Mimi sili vitamu."

"Hata tunda?"

Nilifikiri. Ndizi nilikuwa nakula mara chache. Embe, sikumbuki.

"Anakuangalia wewe," alisema sista, na akamwita anayefuata.

Jumapili iliyofuata, baada ya kanisa, mume wangu akiwa zamu, nilinunua pakiti ya pipi za matunda dukani chini ya jengo. Tulitembea mimi na binti yangu hadi njia ya ufukweni na kukaa kwenye ukuta mfupi, watu wakipita na baiskeli na mbwa. Nilifungua pipi moja. Alipoiona alihama, akasogea mbali nami kama hatua mbili.

Nilimwambia, "Nilikosea. Yule mdogo wangu aliumwa ugonjwa, na pipi hazikumuua. Nilikuambia hivyo kwa sababu nilikuwa naogopa. Nimeogopa tangu nina miaka kumi na moja."

"Wewe huogopi."

"Naogopa sana. Angalia mkono."

Mkono ulikuwa unatetemeka kweli, karatasi ya pipi ikilia. Sikuwa naigiza. Akili yangu ilikuwa imeshaelewa maneno ya sista na ya mama, lakini mwili ulikuwa haujaambiwa. Niliweka ile pipi mdomoni. Ilikuwa ya nanasi. Mate yalijaa, na kwa muda nilidhani nitaitema. Sikuitema. Nilikaa nayo shavuni.

Binti yangu alirudi taratibu. Alisimama mbele yangu, akaweka sikio lake kifuani pangu, akasikiliza jinsi ninavyopumua. Alisikiliza mpaka pipi ikaisha.

"Uko sawa?"

"Niko sawa."

"Na kesho?"

"Na kesho. Utaniona."

Hakuonja siku hiyo, na mimi sikumwambia aonje. Kesho yake aliamka kabla ya saa yake ya kuamka, akaja kitandani kwetu, akaniangalia usoni kwa karibu mno. Nikafumbua macho. Akaondoka. Alifanya hivyo siku nne. Siku ya tano nilikuwa nakula ndizi nimesimama jikoni, akaniomba nimkatie ncha.

Yaliyobaki yalikwenda polepole, na si kwa mstari ulionyooka. Jumamosi tulianza kwenda sokoni Warwick, naye ndiye aliyechagua kitu kimoja cha wiki. Wiki moja alichagua boga kubwa kuliko kichwa chake, wiki nyingine tangawizi, kwa sababu ya umbo lake, na tukala kila kitu na tangawizi. Alijifunza kutwanga sombe, majani ya muhogo, na kulalamika kwamba machozi yanamtoka ingawa sombe haitoi mtu machozi. Dagaa wa kukaanga, ndakala zetu za duka la Wakongo, alizila kwa mkono kama chipsi. Maziwa yalirudi mwisho kabisa.

Kwenye saluni niliweka bakuli la karanga na vipande vya machungwa pale chini ya kioo, kisha nikawaambia wateja kwamba akitaka pipi ataniuliza mimi. Wengine walinuna. Tantine mmoja mzee alisema nimekuwa Mzungu. Pipi zenyewe tulikubaliana ziliwe pamoja na chakula cha Jumapili, moja au mbili, halafu mswaki. Nilisubiri atetemeke, au azifakamie. Alikula moja, nyingine akampa baba yake.

Mwezi wa kwanza wa mwaka mpya aling'olewa yale magego mawili. Nilimwogopea yeye, lakini mimi ndiye niliyezimia kidogo, wakanikalisha chini na kichwa katikati ya magoti. Yeye alitoka na pamba mdomoni, akanipapasa mgongo. Njiani, kwa sauti ya mtu mwenye mdomo uliokufa ganzi, aliniuliza kama meno yake yamekwenda kwenye sanduku dogo. Nikamwambia yametupwa tu. Akafikiri, akaridhika.

Sasa ana miaka minane. Ni mtoto wa kawaida mezani, na kwangu hilo si neno dogo. Hapendi bamia. Anapenda karoti mbichi, zilizopikwa hazitaki. Kwenye sherehe anakula keki, anaacha ile krimu ya juu kwa sababu anasema ina mafuta ya kunata, na anakimbilia michezo. Kuna wiki anarudi na karatasi za pipi mfukoni, nami namuuliza, "Zilikuwa nzuri?" na ananiambia ipi ilikuwa nzuri na ipi ilikuwa na ladha ya sabuni.

Mimi sijapona sawasawa. Akiumwa tumbo, nikimwona amechoka, kuna kitu kinanishika hapa chini ya mbavu. Nimejifunza kwenda nacho bafuni, kufungua bomba, na kukaa nacho mpaka kilegee, kabla sijarudi kwake. Mume wangu anajua nikikawia huko. Anagonga mlango kidogo na kuuliza, "Tuanze kula, au tukungoje?"

"Ningojeni," namjibu. "Nakuja."

Juzi tulikuwa watatu mezani, bugali na samaki na mchicha. Binti yangu alijipakulia mchicha, akautazama, akarudisha nusu, kisha akaniangalia kuona nitasema nini. Nilimwomba anipitishie chumvi. Akanipa, akaendelea kutueleza habari ndefu isiyo na mwisho kuhusu msichana wa darasani aliyemeza kifungo cha shati.